Kifuu Juu ya Mlango

"Hodi hapa!"

Mama Eufrazia aliitambua sauti kabla hodi haijaisha. Akamshika mkamwana wake mabega, akamsukuma nyuma ya pipa la maji.

"Kaa humo. Usipumue."

Sesilia alikuwa na mimba ya miezi minane, na pipa lilikuwa jembamba kuliko yeye. Upande huu lilitokeza tumbo, upande ule makalio. Mama Eufrazia hakuwa na muda wa kupanga vizuri. Alijifunga kanga upya, akaenda kujitandaza mlangoni kama mkeka.

"Karibu. Ila ndani hamna nafasi."

Nesi Kokuberwa aliegemeza baiskeli ukutani. Alikuwa binti mrefu wa Bukoba, kitambaa cheupe kimemfunika pua na mdomo, miguu imejaa mchanga wa Temeke hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kumwona mama mjamzito wa nyumba hii."

"Mjamzito? Nani kakwambia? Hapa tuko watatu. Mie, mwanangu Albano yuko kazini kwenye mbao, na mkewe. Mkewe hana kitu. Ameshiba tu."

"Ameshiba?"

"Jana alikula mihogo mingi."

Nyuma ya pipa kicheko kikamponyoka Sesilia. Alijitahidi kukigeuza kikohozi, kikakataa. "Jamani Mama," akasema, akitoka kwa shida huku ameshika kiuno, "mihogo gani ya miezi minane?"

Mama Eufrazia alitazama dari kama mtu anayesubiri radi. Kwao, upande wa Ndanda, na hata kwa Wazaramo waliowazunguka pale, mimba haitajwi wala haihesabiwi. Ukiitaja, kuna wanaosikia. Ukiihesabu, kuna anayekuja kupunguza hesabu. Tumbo huonwa na kila mtu na huzungumzwa na hakuna mtu, mpaka siku mtoto apige kelele mwenyewe.

Lakini mwaka ule wa hamsini na saba ulikuwa na mambo yake. Mafua makali yalikuwa yameingia mjini, yakapita nyumba kwa nyumba bila kuruka hata moja. Kliniki ya wajawazito ilijaa wanaokohoa, wamelala hadi chini ya mabenchi. Mwenye mimba akienda kupimwa alirudi na homa, na wawili walikwisha kufa hivyo hivyo, pamoja na walichobeba. Ndipo serikali ikatoa fungu la miezi mitatu: nesi mmoja, baiskeli moja, vidonge vya kuongeza damu na sabuni ya dawa, kuwafuata kina mama majumbani mwao. Fungu hilo ndilo lililokuwa limesimama pale mlangoni, linatoka jasho.

"Nionyeshe miguu, dada," akasema Nesi.

Sesilia alinyoosha mguu. Kubadhi lake lilikuwa limefungwa kwa uzi, maana mkanda haukufika tena. Nesi akabonyeza juu ya kifundo kwa kidole. Alipokiondoa, shimo lilibaki pale pale, kama kwenye unga.

"Kichwa?"

"Kinauma asubuhi. Kidogo."

"Mimba ya kwanza?"

Sesilia alimtazama mama mkwe wake. Mama Eufrazia alitazama baiskeli.

"Ya pili," Sesilia akajibu polepole. "Ya kwanza nilivimba hivi hivi. Nikashikwa na degedege. Mtoto hakulia."

Nesi akainuka upesi. Alifungua mkoba, akatoa taa ndogo ya spiriti, kibomba cha kioo na kichupa cha siki. Akamwomba Sesilia mkojo kidogo. Kisha akachuchumaa uani, akawasha moto, akaanza kuuchemsha.

"Yesu na Maria!" Mama Eufrazia akaruka. "Unapika mkojo nyumbani kwangu?"

"Sipiki, mama. Nauuliza swali."

"Na ukijibu?"

"Ukibaki safi kama maji, amani. Ukiganda kama ute wa yai lililochemka, hatari. Itabidi alazwe siku hiyo hiyo, kabla ya degedege."

Hapo Mama Eufrazia akasahau ugomvi. Alipenda mafumbo kuliko chakula, na hili lilikuwa fumbo linalochemka mbele ya macho yake. Akachuchumaa naye. Vichwa vitatu vikainamia kibomba. Maji yalitokota, yakatulia, yakaacha ukungu mwembamba kama pumzi kwenye kioo.

"Bado," Nesi akasema. "Lakini yanakaribia. Nitakuja Ijumaa, halafu kila baada ya siku tatu." Akatoa daftari na kalamu. "Nakuandika."

"Kwa penseli!" Mama Eufrazia akamshika mkono. "Ukimwandika, mwandike kwa penseli. Kule nyuma karani wa hospitali alimwandika yule wa kwanza kwa wino, kabla hajazaliwa. Ukaona. Penseli hufutika, hakuna atakayeisoma."

Nesi akatafuta penseli. Akaandika. Halafu akabaki amelishika lile daftari, na macho yaliyo juu ya kitambaa yakapoteza uchangamfu.

"Mama, huyu ni wa kumi na mbili."

"Wa kumi na mbili leo?"

"Kwa mwezi mzima. Temeke yote. Asubuhi bombani naona matumbo yamepanga foleni kama ndoo. Nikibisha hodi, yote yameshiba mihogo." Akafunga mkoba. "Ijumaa Daktari anakuja na karani. Wasipokuta nyumba hamsini, fungu linahamia Kinondoni. Kule wamekwisha kuandikwa themanini. Jumamosi narudisha baiskeli."

"Na mie?" Sesilia akauliza.

"Utakuja kliniki, dada. Ukae benchi na wanaokohoa."

* * *

Siku hiyo hiyo Sesilia alikwenda bombani bila ndoo. Alikwenda kuomba.

Bi Sikudhani alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mwanamke wa Kizaramo mwenye sauti ya kusikika hadi Mtoni, mimba yake imefungwa chini ya kanga tatu katika jua lile.

"Bi Sikudhani, Nesi akija, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba na wewe uko hivyo."

"Niko vipi?" Bi Sikudhani akajitazama mbele na nyuma. "Shoga, mie nimenenepa. Mume wangu ananipenda. Wewe kwenu hampendwi?"

Foleni ikacheka. Kila aliyecheka alishika tumbo lake lisitikisike. Sesilia akasimama pale, macho yakimchoma, miguu imemwelemea kama magogo. Mwanamke mmoja akasema chini kwa chini kwamba huyo ndiye yule aliyeandikwa hospitali mimba ya kwanza, na wote wanajua kilichompata. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana maneno hayo yalimuuma Sesilia zaidi.

Jioni Albano alirudi na vumbi la mbao kichwani, akamkuta mkewe amelala miguu juu ya kinu. Aliposikia habari, hakukaa.

"Basi mie nitawaambia wanaume wenzangu. Kila mtu amwandikishe mkewe."

"Ukamtaje mke wa mtu tumbo lake barazani?" Mama yake akauliza. "Watakutoa meno."

"Mama, wewe ndiwe ulimficha nyuma ya pipa!"

"Nilimficha ndiyo." Mama Eufrazia alikuwa anakuna nazi, mbuzi ya kukunia inalia kwa hasira. "Yule wa kwanza nilimwosha kwa mikono hii. Wewe hukumwosha. Usinifundishe kuogopa."

Albano akakaa chini. Sesilia alinyoosha mkono akamshika mama mkwe wake kifundo cha mguu, ndipo alipofika.

Mama Eufrazia akapangusa pua kwa kanga. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kukaa na huzuni muda mrefu, akasema, "Kitendawili."

"Mama, leo?"

"Kitendawili!"

"Tega," Sesilia akaitikia.

"Nina mgeni anakula sahani yangu, uso wake sijauona."

Hata Albano alitabasamu. Kila mtu alilijua jibu, na hakuna aliyelitoa, maana kulitoa kungekuwa kutaja. Mama Eufrazia alikuwa amemaliza kuikuna nazi. Alikigeuza kifuu mkononi, kikavu, cha mviringo, kimetuna. Akakigeuza tena. Mikono ikasimama.

"Watu hawahesabiwi," akasema taratibu. "Haya. Kifuu je? Kuna aliyekataza kuhesabu vifuu?"

Akainuka kwa kasi isiyo ya umri wake. Akatoboa kifuu kwa msumari, akapitisha uzi wa mkonge, akapanda juu ya kigoda na kukitundika kwenye boriti ya mlango, nje, uso wa barabara.

"Albano, kamwambie Nesi asiulize kitu," akasema akiwa juu kule. "Apite tu, akiona kifuu aingie. Mdomo wa mtu haukusema. Kifuu ndicho kilichosema."

* * *

Jumatano asubuhi palikuwa na kifuu kimoja Temeke. Saa nne vilikuwa tisa.

Bi Sikudhani alikuja mwenyewe kukitazama, mikono kiunoni. Alizunguka mara mbili. "Na sie ambao tumenenepa tu," akauliza, "tunatundika?"

"Ukitaka nyumba yako ipendeze," akasema Mama Eufrazia.

"Ipendeze, ndiyo." Akaondoka haraka. Baada ya muda ikasikika sauti yake mtaa wa pili, anamgombeza mumewe kwa kutupa vifuu jana.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuzuia tena. Vifuu vilitundikwa kwa uzi, kwa kamba za mgomba, kwa kipande cha mkanda wa suruali. Wauza maandazi walikuta majalala yao hayana kifuu hata cha kuwashia moto. Mwanamke mmoja, kwao bara na nazi hajaizoea, alitundika kibuyu, wenzake wakamkubalia. Nesi Kokuberwa aliruka juu ya baiskeli toka nyumba hadi nyumba, anaosha mikono kwa sabuni ya dawa, anachemsha, anapima, anagawa vidonge, na kila nyumba anaacha kipande cha sabuni. Alikuta wawili wenye homa kali ya mafua wamefichwa vyumbani, akawatenga na kuwanywesha maji. Alikuta mtoto amelala vibaya tumboni. Alikuta mapacha. Alipofika kwa Mama Eufrazia jioni ya Alhamisi alikuwa amepoteza sauti.

"Sitini na tatu," akanong'ona.

"Usihesabu!" Mama Eufrazia akamziba mdomo, kisha akamkumbatia.

Usiku huo Sesilia alilala akicheka. Alipoamka, kichwa kilikuwa kinagonga kama kinu. Akajiambia ni kucheka. Hakumwambia mtu, maana leo ndiyo Ijumaa.

* * *

Gari la Daktari lilisimama saa tatu. Mtaa mzima ulikuwa nje, ukijifanya una shughuli. Daktari alikuwa Mwingereza mtulivu, ameshinda wiki tatu bila usingizi kwa ajili ya mafua yale. Bwana Adelard, karani wake, kaptula imepigwa pasi hadi inakata, alikuwa na faili kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Dada yake mwenyewe alikuwa Kinondoni, mjamzito, na moyoni aliona fungu lingefaa zaidi kule.

"Huo mfumo wa vifuu ndio nini?" akamuuliza Nesi. "Haya, tuanze na hiki."

Kifuu kilichokuwa karibu zaidi na barabara kilining'inia kwa utepe mwekundu, kimepakwa mafuta. Ilikuwa nyumba ya Jamali, kinyozi. Bwana Adelard akabisha. Jamali akatoka, ndevu nyeupe, kiti na mkasi nyuma yake, hana mke tangu enzi ya Mjerumani.

"Mjamzito yuko wapi?"

"Hayupo bwana," akajibu Jamali kwa adabu. "Nilisikia mwenye kifuu anapewa sabuni."

Mtaa ukapasuka kwa kicheko. Watu walishikana wasianguke. Aliyekuwa hacheki ni Nesi Kokuberwa, na Sesilia aliyeegemea nguzo ya mlango wake.

"Sabuni!" Bwana Adelard akafunga faili. Sasa uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanywa mjinga mbele ya mkubwa wake. "Daktari, hapa tunachezewa. Vifuu havina mimba. Kifuu anatundika kinyozi, kesho atatundika mbuzi. Mimi nataka wanawake. Mwenye mimba aje hapa, aseme kwa mdomo wake, jina lake na miezi yake. Wakifika hamsini, vizuri. Wasipofika, tunakwenda zetu Kinondoni."

Daktari aliitazama saa yake, akatikisa kichwa kukubali.

Kicheko kilikatika. Wanawake wakatazama chini, kila mmoja amevuta kanga mbele. Hata Bi Sikudhani alikaza zake tatu. Jamali akarudi nyuma, akakitungua kifuu chake kwa aibu na kukificha chini ya shati, naye akaonekana ana mimba kweli, na hakuna aliyecheka.

"Mnaona?" akasema Bwana Adelard.

"Mama," Sesilia akasema. "Sioni vizuri."

Mama Eufrazia akageuka. Mkamwana wake ameshika nguzo kwa mikono miwili, uso umefura, macho yanatafuta watu waliokuwa mbele yake.

"Nyota nyota tu, Mama. Na kichwa."

Wakati wa kufikiri haukuwapo. Mama Eufrazia, aliyeficha mtu nyuma ya pipa siku ya Jumanne, alimshika Sesilia kwapani, akamvuta hadi katikati ya barabara, mbele ya Mzungu na faili na mtaa mzima wa Temeke, akapaza sauti:

"Andika! Huyu ni Sesilia, mke wa Albano. Ana mimba! Ana mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na mimba ya kwanza tulizika. Wasikie wanaosikia! Nimesema mie Eufrazia, na kama kuna wa kuja kupunguza hesabu, aje kwangu!"

Nesi tayari alikuwa amewasha taa ya spiriti juu ya tairi la akiba. Mama Eufrazia akamzungushia Sesilia kanga nyuma ya gari, mkojo ukapatikana. Kibomba kikachemka, na ndani yake palikuwa pameganda kitu cheupe, kizito, ute wa yai kabisa.

"Daktari!"

Daktari hakuuliza. Alikichukua kibomba, akakiinua juani mara moja, akafungua mlango wa gari. "Hospitali. Sasa hivi. Bwana Adelard, wewe baki, uandike."

"Niandike nini? Amesema mmoja!"

"Wawili," ikaja sauti ya kusikika hadi Mtoni. Bi Sikudhani alikuwa anafungua kanga zake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka tumbo likatoka wazi chini ya gauni. "Sikudhani binti Sadallah. Miezi saba. Andika haraka, jua kali."

"Watatu!" akasema mwenye kibuyu.

"Sie nyuma mbona mnaturuka?"

Gari lilipoondoka, Sesilia amelazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama mkwe wake na Nesi ameshika mkono, nyuma yao palikuwa pamejaa matumbo barabara nzima, yanasukumana kumwendea Bwana Adelard, naye amerudi nyuma hadi ukutani kwa kinyozi, anaandika, anatoka jasho, anaomba waseme mmoja mmoja. Jamali alimletea kiti. Mpaka adhuhuri faili lilikuwa na majina sabini na moja, na penseli mbili zilikuwa zimekwisha.

* * *

Degedege halikufika. Sesilia alichomwa sindano, akalazwa chumba chenye giza, akatulizwa, na siku ya tatu wakamzalisha mtoto wa kike, mdogo kama sungura, aliyelia kabla hata hajatoka vizuri. Albano alisikia kilio akiwa nje ya dirisha. Akakimbia kuzunguka hospitali mara mbili kwa kukosa la kufanya.

Fungu liliongezwa miezi sita, na Kinondoni nao wakapewa lao. Kila Jumatatu Bwana Adelard alipita Temeke kukusanya orodha, na wanawake walimwita shemeji mpaka akazoea.

Nesi Kokuberwa alifika nyumbani kwa Albano mtoto akiwa na majuma matatu. Akaegemeza baiskeli. Juu ya mlango palibaki msumari na kipande cha uzi tu. Uani, Mama Eufrazia alikuwa anamwogesha mjukuu kwenye beseni, na alichokuwa anamiminia maji kilikuwa kile kile kifuu, sasa kimetiwa mpini kikawa kata.

"Hodi! Kuna mtoto humu?"

"Humu?" Mama Eufrazia akamfunika mtoto kwa kanga upesi. "Humu hamna mtoto. Tumeshiba mihogo."

Ndani Sesilia akaangua kicheko. Mihogo ikapiga kelele chini ya kanga.

Nesi akakaa kwenye kigoda, akafungua daftari mahali palipokuwa na jina la Sesilia, maandishi ya kijivu yamefifia kwa jasho la mkoba. Akatoa penseli kama alivyozoea.

"Anaitwa nani?"

"Apolonia," akajibu Sesilia, amesimama mlangoni, miguu yake myembamba imeingia kwenye makubadhi.

Penseli ikashuka kwenye karatasi. Mkono wenye maji ya kuogea ukaizuia.

"Hapana mwanangu," akasema Mama Eufrazia. "Huyu mwandike kwa wino."